Bangili Iliyonywewa na Chaza

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Chumvi mwenyewe ameapa hivyo, mkono mmoja kifuani na mwingine kwenye masharubu: kama humu mna uongo hata wa ukubwa wa chembe ya mchanga, basi masharubu hayo, aliyoyafuga tangu ujana wake, yaende kwa kinyozi na yasirudi. Sasa mtu akishaweka rehani masharubu yake, wewe utafanya nini? Utamwamini tu.

Jina la Chumvi alilipata kazini. Alikuwa fundi wa maabara moja iliyojengwa ufukweni, ambako kazi yao ilikuwa kupima metali nzito kwenye miili ya wanyama wa baharini wasio na mifupa: chaza, kome, kaa, minyoo ya matopeni. Yeye husema aliitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyetunza maji ya bahari ya matangi. Wenzake walisema sababu ni nyingine kabisa, wala haihusiani na maji.

Maana Chumvi alikuwa haishiwi visa. Ndiye aliyesimulia habari za chaza aliyejaa zinki mpaka mabati ya paa yakamwonea wivu yakaanza kupata kutu. Ndiye aliyemwona kaa akitema risasi, moja moja, kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Ukimbana, hurudi nyuma hatua moja, husema, "Basi, labda hakuzitema zote," kisha huendelea mbele na kubwa zaidi.

Lakini katika visa vyake vyote, kilichomjengea nyumba ni cha bangili. Na hicho, ukiondoa kipande kimoja, kilitokea.

Mlangoni pa chumba cha kupimia palikuwa na sheria moja iliyozishinda zote: metali haiingii. Saa, pete, hereni, funguo, mkanda wenye chuma, vyote vilibaki nje. Chaza walifunguliwa kwa visu vya plastiki. Chupa zililowekwa kwenye tindikali hadi zikawa safi kuliko roho za waliozishika. Mashine haikuwa na simile; kifungo kimoja cha shaba kwenye shati la fundi kiliweza kuharibu kazi ya wiki nzima, ukapima chaza ukadhani umepima sufuria. Kwa hiyo hapo mlangoni palikuwa na vikombe vyeupe vya plastiki, kila mtu anavua vyake anatia humo. Na maji ya matangi nayo yaliongezwa kwa vikombe vyeupe vya plastiki. Na vyote hivyo, vya mlangoni na vya matangini, vilikuwa vimeibwa kwenye mgahawa wa wafanyakazi.

Ndiyo maana asubuhi moja mpishi wa mgahawa alitokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Ninyi watu wa chaza, vikombe vyangu viko wapi?"

"Vua bangili kwanza, dada," akasema Chumvi. "Humu shaba haiingii."

"Nivue bangili ya marehemu mama yangu kwa ajili ya konokono?"

"Si konokono. Ni chaza."

"Wote hawana mifupa. Kama wewe, unayeiba vikombe vya watu."

Hata hivyo aliivua. Ilikuwa bangili nyembamba ya shaba, imelika upande mmoja kwa kuvaliwa miaka na miaka na mwanamke mmoja halafu na mwingine. Aliitia kikombeni, akaingia, akaanza kuhesabu mali yake kwa sauti. Na Chumvi, ambaye kazi yake wakati huo ilikuwa kuongeza maji kwenye tangi la chaza, aliacha mikono ifanye kazi yenyewe, maana macho alikuwa ameyaazima kwingine. Alichukua kikombe, akachota ndooni, akamimina tangini. Akachukua kingine, akachota, akamimina.

Mpishi alipotoka, kikombe chake kilikuwa kitupu.

Jengo zima lilipekuliwa. Walisogeza meza, wakafungua makabati, wakachunguza hadi mifuko ya makoti. Hakuna aliyefikiria tangi, na chini ya tangi lile kulikuwa na changarawe nzito. Mpishi hakulia. Alikaa kwenye kigoda cha maabara akiwa ameshika kifundo cha mkono wake kilichobaki uchi, na Chumvi akasimama pale na kikombe mkononi akitamani ardhi ipasuke.

Wiki zikapita. Chaza wa tangi lile wakaanza kubadilika. Ukimfungua mmoja, matamvua yake yalikuwa na rangi ya kijani, kijani cha sufuria ya shaba iliyosahauliwa mvuani. Mkubwa wa maabara akashika kichwa. Chumvi akashika masharubu, ambayo wakati huo yalikuwa yanaanza tu. Alielewa pale pale. Jioni hiyo alikwenda mgahawani, chaza mmoja wa kijani kwenye sahani, akamweleza mpishi mambo ambayo hajawahi kumweleza mtu yeyote kwa unyofu namna ile.

Alimweleza kwamba chaza huhitaji shaba kidogo tu, ikizidi ni sumu. Na hana pa kukimbilia, amejigandisha mwambani. Maji anayoyachuja kutwa kucha ndicho chakula chake, na hayo hayo ndiyo yanayomletea sumu. Basi mwilini mwake mna protini ndogo ndogo zinazoikamata shaba na kuishikilia, na chembe za damu yake huifungia kwenye vijifuko ili isije ikamgusa pabaya.

"Haitemi?" mpishi akauliza.

"Nyingine huitoa, polepole sana. Nyingi hukaa nayo."

Mpishi aliitazama ile sahani kwa muda mrefu. "Kama ninavyofunga viungo kwenye kitambaa," akasema, "visisambae kwenye mchuzi."

"Hasa! Hivyo hivyo."

"Kwa hiyo bangili ya mama haijapotea. Imo humu."

Hapo ndipo lilipokuwa lile pengo ambalo mtu mwingine angelipita kimya. Chumvi hakuweza. Alimwona ameinamisha kichwa, akaona kile kifundo cha mkono, na ulimi wake ukatangulia. "Imo," akasema. "Wameinywa yote. Nimepekua tangi zima kwa mikono yangu, haimo. Nyama yake tutaisaga, ndiyo kazi, lakini gamba nitakupa wewe. Hili hapa ndilo lililokunywa zaidi."

Akaliosha, akampa. Mpishi akalipokea kwa mikono miwili. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameoana, na hadi leo Chumvi hutamba kwamba wenzake walilipa mahari kwa jasho, yeye alimaliza kwa gamba.

Gamba hilo limekaa juu ya kabati la vyombo katika nyumba zote walizohamia. Katika chumba kimoja cha kupanga ambako bomba lililia usiku na mchana. Katika nyumba ya kazini yenye dirisha lililotazama ukuta. Na sasa hapa, wanapozeekea, kwenye sebule yenye viti vya mbao ambavyo kila kimoja kina mguu mfupi wake. Kila asubuhi, kabla hajaweka maji ya chai, mkewe hupita hapo akaligusa kwa kidole. "Umeamkaje, Mama," husema. Alilisemesha alipojifungua, alilisemesha mwanawe alipougua, alilisemesha siku mwanawe alipopona. Chumvi humsikia kutoka kitandani. Kwa miaka mingi alitabasamu. Siku hizi hujigeuza upande wa pili.

Mambo yaliharibika mjukuu alipopata kazi kwenye maabara ile ile. Alikuwa msichana mchangamfu, mrefu kama babu yake, na kwa kuwa Babu hakuacha kumwita mchumba, Bibi naye alimwita mke mwenzangu. Jumapili moja alikuja kula, na baada ya kula Bibi alisimama akalichukua gamba juu ya kabati.

"Mke mwenzangu, hili ni lako sasa. Mimi macho yananisumbua, nitaliangusha siku moja. Lakini uwe unamsalimia."

Msichana akalipokea, akalifunika viganjani. Machozi yalimlengalenga. Halafu akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la upendo mtupu, ndilo lililomwumiza Babu zaidi.

"Bibi, acha nilipime kwanza! Tuna mashine mpya, haina mchezo. Nitakuambia humu mna shaba ya mama yako kiasi gani. Nitakuandikia, utaweka ukutani."

Chai ilimpalia Babu. Alikohoa hadi Bibi akaja kumpiga mgongoni.

"Polepole, baba," Bibi akasema, uso umemng'aa. "Umesikia lakini? Watampima Mama!"

Chumvi alisikia. Alisikia na alijua kile ambacho fundi yeyote wa kazi ile anakijua: shaba ya chaza huwa nyamani. Gamba ni nyumba tu. Mwenye nyumba ndiye mwenye mali. Na mwenye nyumba walimsaga wenyewe, wakamyeyusha kwenye tindikali, wakampima, wakamwaga. Gamba lile lilikuwa na shaba sawa na gamba lolote la ufukweni, yaani haba. Mashine ingesema hivyo kwa herufi kubwa. Na asubuhi inayofuata mkewe angepita mbele ya kabati, angenyoosha kidole, halafu?

"Liache kwanza hapa," akasema. "Nataka kuliaga."

"Unaliaga gamba?"

"Mimi ndiye niliyewatambulisha."

Mjukuu akacheka, akasema atalipitia katikati ya wiki.

Siku ya pili yake Bibi alipokwenda kumwona jirani, Chumvi alijifungia uani. Alihitaji shaba, na shaba pekee aliyoijua mle ndani ilikuwa kwenye waya wa taa ya uani, ambao kwa maoni yake ulikuwa mrefu kupita mahitaji. Aliukata kipande kizuri, akaumenya ganda lake la plastiki kwa meno, akauloweka kwenye chupa ya siki na chumvi, akauficha nyuma ya ndoo. Kesho yake alipokuta maji yake yamepata rangi ya kijani, moyo ulimruka kama kijana. Mikono iliyokuwa ikitetemeka ikishika kikombe cha chai haikutetemeka hata kidogo sasa. Alichovya kijiti, akadondosha tone, akasubiri lichemke vipovu na kutulia, akadondosha jingine. Alifanya kazi hiyo akiimba chini chini, na kwa muda ule alikuwa tena kwenye chumba cheupe chenye harufu ya bahari, matangi yananguruma, wenzake wanapigiana kelele juu ya nani ameficha visu vya plastiki, na kuna mpishi mlangoni mikono kiunoni.

Lilipokauka alilirudisha kabatini. Lilikuwa na kivuli cha kijani kwa ndani, kizuri, kama kimekuwapo siku zote.

"Leo Mama ana rangi," Bibi akasema asubuhi.

"Anajua anakwenda kupimwa," Chumvi akajibu kutoka kitandani.

Mjukuu alilichukua, na Jumapili akarudi. Babu alimtazama usoni alipoingia, na kabla hajavua viatu akajua ameshikwa pabaya. Msichana alikuwa na uso wa mtu anayetaka kucheka mahali pasipochekwa.

"Haya, sema," Bibi akasema, amekaa kitako, mikono mapajani. "Yumo kiasi gani?"

"Bibi…" Akamgeukia babu yake. "Babu, ulinifundisha nini siku ya kwanza nilipopata kazi? Ulinikalisha pale pale ulipokaa."

"Nilikufundisha mengi."

"Ulisema sampuli huoshwa nje kwanza kwa tindikali hafifu. Na maji ya kuoshea hayamwagwi. Hupimwa nayo, ujue uchafu ulitoka nje au ulikuwa ndani."

Chumvi aliitazama dari. Lilikuwa fundisho zuri. Alijuta kulitoa.

"Maji ya kuoshea yalikuwa na shaba nyingi mpaka mwenzangu akadhani nimetumbukiza sarafu. Ndani ya gamba lenyewe, hakuna kitu. Kama gamba la jana. Na, Babu, linanuka siki."

Halafu Bibi akasema, polepole, kama mtu anayefumua fundo, "Taa ya uani haiwaki wiki nzima."

"Balbu hiyo," akasema Chumvi.

"Balbu nimebadilisha. Waya umekatwa." Akamgeukia. "Chumvi. Bangili ya mama yangu iko wapi?"

Akafungua mdomo. Kisa kizima kilikuwa tayari ulimini, chenye mkondo wa maji na pweza mwenye tamaa. Akauangalia mkono wa mkewe, ule ule, akakifunga kisa chake.

"Ilikuwa chini ya changarawe," akasema. "Siku ile ile, kabla sijaja kwako na sahani, niliosha tangi, nikavuta kizibo kabla ya kupekua. Niliisikia ikigonga bomba. Kwa, kwa, kwa. Mpaka baharini. Naisikia mpaka leo."

Bibi alilichukua gamba mezani, akalipindua, akaangalia ndani yake palipobaki peupe, mahali msichana alipokwangua. "Asubuhi zote hizi," akasema. "Zote. Namwamkia nani?"

Mjukuu ndiye aliyejaribu kusema, Bibi akamwinulia kiganja.

"Wewe ngoja. Nataka ya kweli tu, wala usinipake mafuta kama babu yako. Hao chaza waligeuka kijani au hilo nalo ni chumvi?"

"Waligeuka!" Chumvi akaropoka. "Haki ya Mungu waligeuka!"

"Sijakuuliza wewe."

"Inawezekana kabisa, Bibi," mjukuu akasema. "Bangili ikikaa majini wiki kadhaa karibu na chaza, inatoa shaba, na wao wanaikusanya. Hata kiasi kidogo kingewapa rangi ile."

"Kwa hiyo kidogo walikunywa."

"Kidogo, ndiyo. Lakini nyamani. Si humu."

"Humu ni nini?"

"Humu ni nyumba yao."

Bibi alikaa na jibu hilo. Hakulifurahia, hilo lilionekana. Lakini hakulitupa pia. Mwishowe alisimama, akalirudisha gamba juu ya kabati, si mahali pake pa zamani, pembeni kidogo, penye vikombe. Hakulisalimia.

"Nimeapa masharubu," Chumvi akasema kwa sauti ndogo. "Nitakwenda leo leo."

"Masharubu yako nitayafanyia nini, nijaze mto? Mimi nadai bangili. Waya uliokata uko wapi?"

Ukatoka nyuma ya ndoo, umegeuka kijani kibichi. Na jioni ile Chumvi alikaa uani kwenye kigoda, jiwe mbele yake, nyundo mkononi, mkewe amemsimamia upande mmoja na mjukuu upande wa pili. Alisugua waya kwa majivu hadi ukawa mwekundu. Alisokota nyuzi zake pamoja, akazigonga, akajigonga kidole, akapigiwa kelele na wote wawili.

"Hapo pamepinda."

"Panastahili kupinda. Ndiyo mtindo."

"Mtindo wa nani? Ya mama haikuwa hivyo. Ilikuwa nyembamba huku. Hapa. Gonga hapa."

Akagonga pale. Mkewe akapiga magoti kando yake bila kusema, akashika ncha ya waya ili isiruke, na kwa kidole kile kile cha kila asubuhi akamwonyesha ilipokuwa imelika, ilipokuwa nene, ilipokuwa na alama ya kuanguka siku mama yake alipokuwa akichota maji. Chumvi alikuwa hajawahi kusikia habari za alama ile. Muda wote huo alikuwa anaongea yeye. Aligonga polepole, akisikiliza.

Bangili ilipokamilika haikufanana na chochote kilichowahi kutengenezwa na binadamu mwenye akili timamu. Bibi aliivaa. Aliizungusha mkononi, akainusa.

"Siki," akasema. Lakini hakuivua.

Siku chache baadaye alama ya kijani ilianza kujichora kwenye kifundo cha mkono wake, duara zima. Mjukuu aliiona, akapiga kofi la kicheko. "Bibi, umekuwa chaza!"

"Acha nikae nayo," Bibi akasema.

Ingeishia hapo, na vizuri sana. Ila jirani alipita akaiona, akauliza imetoka wapi bangili ya ajabu namna ile. Na Chumvi, aliyekuwa amekaa kimya kwa muda ambao mwili wake haukuuzoea, akajikuta ameshasimama, mkono kifuani.

"Hii? Hii ni kweli tupu, jirani. Miaka yote ile chaza wanayo baharini. Juzi mmoja, mzee, gamba limemchakaa, kapanda mwenyewe mpaka mlangoni…"

"Baba," mkewe akaita kutoka jikoni, wala hakupaza sauti. "Kinyozi bado yuko wazi."

Chumvi alisimama hapo kidogo, akiyapapasa masharubu. Kisha akaenda.

"Tunapunguza?" kinyozi akamuuliza, akimfunga shuka shingoni.

Akajitazama kwenye kioo mara ya mwisho, akafumba macho.

"Yote," akasema.